Chuma Kilichobaki kwenye Ndoo

Mpendwa Shangazi wa Alhamisi,

Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana mke wangu anasema wewe hukasirika kwenye mstari wa tatu halafu yanayobaki unayasoma ukiwa umeshahukumu. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na nane, nina mke mmoja, watoto wameshajitegemea, silewi, sina nyumba ndogo, na kama ni mambo hayo uliyozoea kuandikiwa basi hapa hutayakuta. Tatizo langu ni kaburi, na tiketi ya ndege.

Kazi yangu ni kutunza makaburi ya zamani ya manispaa, yale yaliyojaa siku nyingi ambako hazikwi mtu tena, yenye ukuta wa mawe pande zote na kibanda cha vifaa mkono wa kulia ukiingia getini. Nafyeka nyasi, nafagia majani, nazibua mitaro, na mtu akija kuuliza ndugu yake kalala wapi nafungua daftari kubwa la majina, natazama safu na namba, nampeleka. Makaburi mengi hayana jiwe wala jina, yana kijiti cha chuma tu kilichochomekwa upande wa kichwa, chenye kibati cha namba, kwa hiyo bila vile vyuma na lile daftari hata mtoto hawezi kumjua mzazi wake. Na watu siku hizi wanapenda kujua walikotoka, Shangazi, wanakuja wengi: alikuja bwana mmoja ambaye ukoo wao mzima unajivunia babu aliyekuwa hakimu, daftari likasema babu alikuwa mpishi wa hakimu, akakaa kwenye toroli langu akacheka mpaka akalia, walikuja kina mama wawili, mtu na mdogo wake, hawasemezani mwaka wa tatu kwa kubishana nani alitangulia kufa, bibi au babu, wakaondoka wameshikana mikono kwa sababu walikuta wote wawili walizikwa wiki moja. Nami nikaipenda historia kwa njia hiyo, nikawa naulizwa hata na walimu wa shule, nikawa naitwa Profesa wa Makaburini, na jina lenyewe sikulikataa.

Miaka minane iliyopita alikuja mgeni kutoka ng'ambo, mwanamume wa makamo, mkononi ana karatasi yenye jina la babu yake, daftari likasema safu ya nne, kaburi la sita. Babu huyo alikuwa fundi saa, ndiye aliyeifunga ile saa kubwa ya juu ya soko, ambayo ilisimama zamani saa nane na dakika kumi lakini mpaka leo watu wakipeana miadi wanasema tukutane chini ya saa, akafa kwa homa angali kijana, akaacha mke na binti wa miaka minne, wakapanda meli wakarudi kwao. Huyu mgeni ni mtoto wa yule binti. Nilimpeleka mpaka kwenye chuma namba sita, akavua viatu, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye majani akakaa hivyo muda mrefu, nami nikajisogeza pembeni nikijifanya nang'oa magugu, na machozi yananitoka na mimi. Mwaka uliofuata akaleta jiwe la marumaru lenye jina la babu yake na saa iliyochongwa juu yake, tukalilaza juu ya kaburi mimi na mafundi wawili, na tangu hapo kila mwaka ananitumia kadi na picha za familia, ananiita kaka, na mama yake ananiita mlinzi wa baba.

Sasa mwaka huu yule mama anatimiza miaka tisini. Ukoo wote unakusanyika, wamenikatia tiketi ya kwenda na kurudi, mimi ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya basi kwenda kumposa mke wangu, wanataka nikae mezani kwao kama ndugu, niseme maneno machache kuhusu mahali baba yao alipolala, na niende na kopo dogo la udongo wa kaburi, kwa sababu mama ameshawaambia wanawe kwamba siku yake ikifika anataka azikwe na udongo huo kiganjani. Nimeongea naye kwa simu, mwanawe akitafsiri, na mwishoni akaichukua simu mwenyewe akasema neno moja la lugha yetu, ndilo pekee lililombakia, neno ambalo baba yake alikuwa akimwambia kila asubuhi wakienda kuitia saa ufunguo. Alisema, "Twende."

Basi mimi na uprofesa wangu nikasema siwezi kwenda kwa watu na maneno ya mdomoni tu, ngoja nichimbue zaidi, nijue huyu fundi saa kalala na majirani gani. Nikaenda stoo ya manispaa nikaomba ramani ya zamani ya makaburi, ile ya kitambaa, iliyokunjwa mpaka mikunjo imeanza kukatika, yenye kila kaburi na umbali wake kutoka ukutani. Nikachukua tepu ya kupimia nikaanza na safu ya nne. Namba moja sawa. Namba mbili sawa. Namba tatu, ramani inaonyesha kaburi fupi, nusu ya mengine, na nilipoangalia kwenye daftari nikakuta pameandikwa mtoto mchanga, bila jina. Lakini pale chini ni tambarare, hakuna tuta wala chuma, ndipo ninapopitisha toroli siku zote kwa sababu pana nafasi nzuri. Chuma namba tatu kiko kwenye kaburi la nne. Chuma namba nne kiko kwenye la tano. Vyuma vyote vilisogea kaburi moja mbele, mpaka mwisho wa safu. Nikarudia kupima mara tatu, Shangazi.

Maana yake ni kwamba jiwe la marumaru haliko juu ya fundi saa, liko juu ya kaburi la saba. Fundi saa mwenyewe yuko pale penye chuma namba tano, na kwa kuwa namba tano haikuwahi kupata mgeni, hapo ndipo ninapolundika nyasi mpaka zikauke nizichome moto. Hilo la saba kwa haki ni la bibi yake fundi cherehani mmoja hivi, mama wa miaka sitini anayekuja kila Jumamosi na debe lake la maji, bibi alikufa akimzaa mama yake na mama mtu akatafuta kaburi maisha yake yote asilipate, binti ndiye akaja kulipata kwangu, kwa hiyo naye anamwagilia maua kwenye la nane, lakini huyo ni mtu wa hapa hapa, mpole, hana neno, akichoka hukaa ukingoni mwa lile jiwe la marumaru akasema mgeni huyu ana bahati, wajukuu zake wamemkumbuka, halafu anaenda zake. Huyo tutaongea naye siku moja.

Nilipotulia nikaanza kujiuliza vyuma vilisogea namna gani, ndipo nikakumbuka. Ilikuwa mwezi wangu wa pili kazini, miaka kumi na tisa iliyopita, mvua zimekatika juzi, nyasi safu ya nne zimefika kiunoni na kila nikipiga fyekeo linagonga chuma, nikaving'oa vyote kumi nikaviweka kwenye ndoo, nikafyeka vizuri, nikavirudisha nikianzia namba moja, kila nikiona tuta nachomeka. Nilipomaliza tuta la mwisho, kwenye ndoo kulikuwa kimebaki chuma kimoja, namba kumi. Jua lilikuwa kali, nikajiambia hicho kitakuwa cha akiba. Nikakipeleka kibandani, na mpaka leo ndicho kinachozuia dirisha lisijifunge.

Nimemwambia mke wangu. Yeye ameshaninunulia koti zito la baridi, kila jioni ananivalisha sebuleni nikitoka jasho ili aone mikono kama haijawa mifupi, na majirani wote wameshaambiwa siku ya kuondoka. Alinisikiliza, akakunja koti taratibu, akasema, "Baba watoto, udongo ni udongo. Nani atauonja?" Akasema kama waliolala pale hawajalalamika miaka kumi na tisa basi wamezoea, na kwamba nikimwambia mama wa miaka tisini habari hizi nitakuwa nimemwua kwa mkono wangu. Mkuu wa kitengo sikumwambia, nilimuuliza kwa mbali tu, nikasema bosi, mtu akigundua kosa la zamani kwenye makaburi inakuwaje, akanijibu bila kuinua macho kwamba jambo lisilo kwenye faili halijatokea, na akanikumbusha kwamba nimebakiza miaka miwili nistaafu.

Kwa hiyo nimekaa nimewaza, nikapata njia ambayo naona ni nzuri, lakini mke wangu anasema nikuulize kwanza. Nitaondoa lile lundo la nyasi, nichote udongo hapo, kwa fundi saa mwenyewe wa kweli, nijaze kopo, niende nao. Yule mama atapata udongo halisi wa baba yake, jiwe litabaki lilipo, maana jiwe ni jiwe tu, familia itafurahi, mimi nitarudi, na hakuna mtu atakayeumia. Nikilala najiambia hiyo siyo uongo. Nikiamka naona ni uongo. Chakula hakishuki, koti limeanza kunipwaya, na ndege ni wiki tatu kuanzia Jumamosi hii.

Shangazi, mimi sikukusudia, sijawahi kumdhulumu mtu, ni vyuma tu vilisogea. Niambie nifanye nini.

Ni mimi, Mtunza Makaburi.

Jibu la Shangazi

Mtunza Makaburi, barua yako nimeisoma mpaka mwisho. Nilikasirika kwenye mstari wa tatu kama mkeo alivyobashiri, nikanywa maji, nikaendelea.

Nianze na pole. Ulikuwa mgeni kazini, nyasi kiunoni, hakuna aliyekuonyesha ramani wala kukuambia kwamba makaburi ya watoto huzama mapema yasionekane. Kosa lile lingeweza kuwa la mtu yeyote, na nikikugombeza kwa hilo nitakuwa mnafiki. Mimi mwenyewe kuna mwaka niliandika majibu mawili usiku wa kuamkia gazeti kuchapwa, nikachanganya bahasha. Mama aliyekuwa anapigwa na mumewe akajibiwa azibe masikio na azoee, na bwana aliyekuwa anasumbuliwa na jogoo wa jirani akajibiwa afungashe virago aondoke siku hiyo hiyo asigeuke nyuma. Yule bwana alihama kweli. Yule mama alikuwa amekata tamaa ya kuniandikia tena. Mhariri akaniambia tukae kimya, wasomaji watasahau. Alhamisi iliyofuata niliandika kwa herufi zile zile, ukurasa ule ule, kwamba nimekosea mimi, na nikaenda kumtafuta yule mama kwa miguu yangu. Kwa hiyo najua unavyojisikia, najua na chakula kinavyokataa kushuka.

Pole imeishia hapo. Sasa tuseme.

Umeandika mara tatu kwamba vyuma vilisogea. Vyuma havina miguu, baba. Uliving'oa wewe, ukavichomeka wewe, na kimoja kilipobaki mkononi ukakitafutia kazi dirishani. Kosa lenyewe lilikuwa la dakika chache, na ndoo ilikuambia siku ile ile. Kumi vilitoka, tisa vikarudi. Hesabu hiyo haihitaji profesa. Ulijitia hamnazo kwa sababu jua lilikuwa kali, nami naelewa jua, lakini tangu siku hiyo jua limezama mara nyingi sana, na kile chuma umekishika kila asubuhi ukifungua dirisha.

Sasa hiyo njia yako nzuri, ya kuchota udongo wa kweli na kunyamaza. Nakiri ni werevu, na karibu inipite. Ungekuwa unamdanganya yule mama kwa kumpa kitu halisi, na hapo ndipo ungejisikia mwema kabisa, ukae mezani kwao na koti lako, waseme mlinzi wa baba, nawe uinamishe kichwa kwa unyenyekevu. Hicho ni kilemba cha ukoka, na ukoka wenyewe umeufyeka mwenyewe. Halafu mwaka ujao mwanawe atakuja tena, atavua viatu, atapiga magoti pale pale. Utasimama wapi siku hiyo? Utang'oa magugu gani?

Na huyo mama usimfanye yai. Mtu aliyebeba neno moja la baba yake miaka themanini na sita bila kulidondosha hawezi kuuawa na ukweli kuhusu hatua mbili za ardhi. Yeye hakukuomba udongo mzuri, wala hakukuomba umlindie moyo. Amekuomba udongo wa baba yake, na kwa bahati yako unajua ulipo. Wengi wanaoniandikia wamevunja kitu kisichoungika tena. Wewe chako kinaungika kwa tepu ya kupimia.

Lakini hayo yote siyo yaliyonifanya ninywe maji mara ya pili. Kilichonikasirisha kweli ni habari ya fundi cherehani. Barua yako ni kurasa nne, na watu wa ng'ambo umewaandika mpaka saa iliyochongwa kwenye marumaru yao. Mwanamke anayekuja kwako kila Jumamosi na debe la maji umemsukumia katikati ya sentensi, ukamalizia kwamba ni mpole na mtaongea siku moja. Hebu rudi ukasome ulichoandika. Jiwe lenye jina la mtu mwingine limelazwa juu ya bibi yake, na ulililaza wewe. Mama yake alikufa akilitafuta kaburi hilo, na yeye akafurahi kwamba amelipata, na kumbe alichopata ni kibati chako. Huyu hajakutumia tiketi wala kadi, hakuiti kaka, na kwa sababu hiyo ukaona anaweza kusubiri. Upole wake ndio umekufanya umweke mwisho. Ningekuwa karibu ningekukazia macho uone haya.

Na kuna jambo moja umeliandika mwenyewe bila kuliona. Akichoka hukaa ukingoni mwa lile jiwe. Miaka yote hiyo, maua kamwagilia kwa jirani, lakini kupumzika amekuwa akipumzika kwa bibi yake. Sijui kama litamfariji au litamliza, na si kazi yako kumchagulia. Wewe mwambie tu, ulivyoniambia mimi.

Basi fanya hivi. Jumamosi hii, kabla hajamwaga maji, mpe kiti chako cha kibandani akae, umwambie kwa maneno mafupi: nilikosea, ni mimi, ilikuwa hivi. Usimtajie jua. Kisha mpe mwanzo wa tepu aushike mwenyewe ukutani, nawe utembee na mwisho wake, aone kwa macho yake namba saba iko wapi. Akikasirika, simama ukasirikiwe. Akitaka muda, mpe. Na lile jiwe usimwahidi kitu kabla hajasema anavyotaka, maana pale ndipo kwake, na mpaka aseme yeye, familia nzima ya ng'ambo ni wageni waliokaa kwenye uwanja wa mtu bila kujua.

Ukitoka hapo, siku hiyo hiyo mpigie simu mjukuu wa fundi saa. Siyo barua, siyo mezani kwao mbele ya keki, siyo baada ya safari. Mwambie yote, na lundo la nyasi umwambie, kwa sababu hilo ndilo litakalokuuma mdomoni na ndilo atakaloheshimu. Mwambie na habari za fundi cherehani, kwamba kuna mtu mwingine mwenye haki hapo. Namna ya kumwambia mama yake, mwachie yeye, ni mama yake. Akisema tiketi irudi, irudi. Akisema njoo hata hivyo, nenda, na kopo la udongo wa kweli, na maneno ya kweli utakayosema mezani, ambayo nadhani yatakuwa mazuri kuliko yale uliyokuwa unayaandaa. Nami sitashangaa akisema njoo, ila usimwambie ukweli kwa sababu ya hilo.

Mkuu wako wa kitengo anasema lisilo kwenye faili halijatokea. Vizuri, liandike, weka tarehe na sahihi, ambatanisha vipimo, upeleke nakala mbili ubaki na moja iliyogongwa mhuri. Hapo litakuwa limetokea. Ukificha ukagundulika, utakuwa mtu aliyeficha. Ukisema mwenyewe, utakuwa mtu aliyerekebisha, na hata bosi asiyeinua macho anaijua tofauti hiyo.

Mama watoto msalimie sana. Mwambie nimempenda, na kwamba udongo ni udongo kweli, mpaka siku utakapokuwa wa mama yake mwenyewe. Koti asilirudishe dukani. Kama si ng'ambo, mvua zinakuja hapa hapa.

Limebaki moja, nalo ni lako peke yako. Siku ya kurudisha vyuma, anzia mwisho wa safu. Toa namba kumi dirishani, dirisha litafutie jiwe. Ng'oa namba tisa pale ilipo, chomeka kumi. Tisa irudi nyuma kwake, nane irudi kwake, ukienda hivyo hivyo ukirudi kinyumenyume, fundi saa kwake, bibi kwake, mpaka mkononi kibaki kimoja kama siku ile. Safari hii kitakuwa namba tatu, nawe unajua ni ya nani. Huyo hana mjukuu wa kupigiwa simu. Hana fundi cherehani, hana jina daftarini, na yaliyompata hakuna wa kuyadai. Fundi saa na bibi wana watu wao wa kushuhudia. Yeye shahidi wake ni wewe. Pima vizuri, chomeka chuma, inua tuta dogo la udongo mpya kwa mikono yako, lionekane hata nyasi zikifika kiunoni.

Na toroli, kuanzia siku hiyo, lipite kwingine.